Kolwezi: Kabla ya kununua ambreyaji mpya, shofa aangalie kwanza likidi na kablo

Pedali inashuka hadi chini na hairudi. Vitesi ya kwanza inakataa kuingia, au inaingia kwa kelele ya chuma. Kwenye gari lingine ni kinyume: vitesi inaingia vizuri, moteri inalia kwa nguvu, lakini gari halipandi mlima. Katika mji wa Kolwezi na kwenye njia za jimbo la Lualaba, shofa anayeeleza dalili hizi husikia mara nyingi jibu moja: ambreyaji imekwisha, inunuliwe ingine.

Jibu hilo si la kweli kila mara. Pedali inayobaki chini na moteri inayolia bure ni magonjwa mawili tofauti, na dawa zake si moja. Kwa familia inayoishi kwa taksi-basi moja, tofauti hiyo ni kubwa. Kubadilisha diski kunadai kushusha buati ya vitesi, kununua vipuri na kukaa siku moja au zaidi bila kazi. Kuongeza likidi, kutoa hewa au kukaza kablo ni kazi inayoweza kufanywa asubuhi moja ndani ya lupango, na kle mbili tatu na mtu mmoja wa kusaidia.

Ambreyaji inafanya nini

Moteri inazunguka wakati wote inapowaka. Magurudumu yanahitaji kusimama, kuanza polepole na kubadilisha vitesi. Kati ya hivyo viwili kuna diski yenye ngozi ngumu pande zote mbili. Plato yenye resori za nguvu inaibana diski hiyo kwenye volani ya moteri. Mguu ukiwa mbali na pedali, vyote vinazunguka pamoja na nguvu inafika kwenye magurudumu. Shofa akifinya pedali, bute inasukuma resori za plato, diski inakuwa huru, na buati inaachana na moteri.

Nguvu ya mguu inafika kwenye bute kwa njia mbili. Magari mengine yana kablo ya chuma. Mengine yana likidi: silinda kuu iko juu karibu na pedali, silinda ndogo iko chini karibu na buati, na mrija mwembamba unaziunganisha. Mwenye gari anapaswa kujua kwanza lake ni la aina gani, kwa sababu uchunguzi wote unaanzia hapo.

Kwa nini zinachoka haraka Lualaba

Barabara ya kitaifa namba 39, inayotoka Likasi na kupita Fungurume hadi Kolwezi, ndiyo njia ya madini. Kamio zinabeba shaba na kobalti kuelekea Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa, na zingine zinapanda na salfa, asidi, chokaa na mazuti ya viwanda. Gari dogo likikwama nyuma yao linasonga mita 10, linasimama, linasonga tena. Kila mwendo huo unakula ngozi ya diski.

Wakati wa kiangazi vumbi jekundu linaingia kila mahali, hata ndani ya kablo na kwenye silinda ya chini ikiwa mpira wake umepasuka. Mvua ikirudi, kuanzia mwezi wa Novemba, matope ya njia za ndani yanachukua nafasi ya vumbi. Shofa aliyekwama katika matope na kukanyaga esansi huku pedali ikiwa nusu anaweza kuchoma diski nzima kwa dakika chache. Harufu yake haifanani na nyingine, ni kama kitu cha ngozi kinachoungua.

Mazoea ya shofa nayo yana sehemu yake. Kuna anayepumzisha mguu juu ya pedali njia nzima, na bute inazunguka chini ya mzigo bila kupumzika. Kuna anayeshikilia gari mlimani kwa ambreyaji badala ya freni ya mkono. Kuna anayeanza na vitesi ya pili kwa sababu ya kwanza inamchelewesha, gari likiwa na abiria na magunia kupita uwezo wake. Diski ya magari hayo mawili yanayofanana, moja la shofa mpole na moja la shofa wa haraka, haikai muda sawa.

Kobalti ya Lualaba inatumiwa katika betri nyingi za magari ya umeme yanayouzwa Ulaya, Uchina na Marekani. Karibu magari hayo yote hayana ambreyaji wala vitesi za kubadilisha. Lakini Kolwezi yenyewe, mji mkuu wa jimbo tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, bado inabebwa kwa sehemu kubwa na magari ya zamani na pikipiki, ambamo mguu au mkono wa shofa ndio unaoamua.

Majaribio manne kabla ya kufungua kitu

Jaribio la kwanza linafanywa moteri ikiwa imezimwa. Mwenye gari anafinya pedali kwa mkono, polepole. Mwanzoni inapaswa kwenda bure kidogo kabla ya kukutana na uzito. Kwenye magari mengi nafasi hiyo ni kati ya milimita 5 na 15, na kitabu cha gari kinatoa kipimo kamili. Ikiwa hakuna nafasi hata kidogo, bute inasukuma plato wakati wote na diski haibanwi sawasawa. Ikiwa nafasi ni kubwa sana, pedali itafika chini kabla ya diski kuwa huru.

Jaribio la pili ni la kujua kama diski inateleza. Gari liwe mahali tambarare, bila mtu wala ukuta mbele, magurudumu yamewekewa mawe, na freni ya mkono imevutwa hadi mwisho. Shofa anawasha moteri, anaingiza vitesi ya tatu, anapandisha moteri kidogo hadi karibu mizunguko 2000 kwa dakika, halafu anaachia pedali taratibu. Moteri ikizima mara moja, diski inashika. Ikiendelea kuzunguka huku gari limesimama, diski inateleza. Jaribio hili lifanywe mara moja tu, kwani kulirudia kunachoma kile kilichobaki.

Jaribio la tatu ni la kujua kama ambreyaji inaachia vizuri. Moteri inawaka polepole bila vitesi. Shofa anafinya pedali hadi chini, anahesabu hadi 10, kisha anaingiza vitesi ya kurudi nyuma. Ikiingia kimya, hakuna tatizo. Ikikwaruza, buati bado inazungushwa na moteri. Hapo wa kwanza kushukiwa ni likidi, hewa ndani ya mrija, silinda au kablo, na diski inakuja baadaye.

La nne ni la masikio. Kelele inayoanza pedali inapofinywa na kuisha inapoachiwa hutoka mara nyingi kwenye bute. Kelele inayosikika gari likiwa bila vitesi na mguu mbali, kisha inapotea pedali ikifinywa, huelekeza kwenye rulemani ya buati yenyewe. Gari linalotetemeka wakati wa kuondoka linaweza kuwa na mafuta juu ya diski, au volani iliyoungua, lakini pia linaweza kuwa na supoti ya moteri iliyokatika. Supoti inaangaliwa kwa macho, bila kufungua buati.

Pedali ikibaki chini

Kwenye magari ya likidi, hatua ya kwanza ni kufungua kofia ya moteri na kuangalia chombo cha likidi. Ikiwa kimeshuka, kuongeza tu hakutoshi, maana likidi haiishi yenyewe, imetoka mahali. Sehemu tatu zinatazamwa. Ya kwanza ni chini ya pedali, ndani ya gari: tapi ikiwa na unyevu unaoteleza, silinda kuu inavuja. Ya pili ni mrija wote, hasa pale unapogusana na chuma. Ya tatu ni silinda ya chini: mpira wake unavutwa kidogo, na kama likidi inatoka ndani yake, mipira ya silinda hiyo imechoka.

Kwenye magari kadhaa ambreyaji na freni zinanywa katika chombo kimoja. Mara nyingi mrija wa ambreyaji umewekwa juu zaidi, hivyo likidi ikishuka, ambreyaji ndiyo inayokosa kwanza. Shofa wa gari la namna hiyo asifikiri ana tatizo la vitesi tu. Asitoke lupangoni kabla ya kujua likidi inapotelea wapi, kwa sababu zamu inayofuata inaweza kuwa ya freni.

Likidi inayotumiwa ni ile iliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4. Mafuta ya moteri hayaingii hapo hata tone, kwani yanavimbisha mipira na kuharibu silinda zote mbili. Maji nayo yanaleta kutu. Likidi ya freni inakula rangi ya gari, hivyo ikimwagika isafishwe kwa maji mara moja. Chupa iliyobaki wazi muda mrefu isitumiwe, maana likidi hiyo inavuta unyevu wa hewa.

Kutoa hewa kunadai watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani, mwingine yuko kwenye silinda ya chini na kle, mara nyingi ya 8 au ya 10. Anaweka mrija mwepesi unaoonyesha ndani juu ya buloni ya kutolea hewa, na mwisho wa mrija unazama ndani ya chupa yenye likidi kidogo. Wa chini anaita « Finya! », wa juu anafinya na kushikilia. Wa chini anafungua buloni, mapovu yanatoka, anafunga, ndipo anaita « Achia! ». Pedali isiachiwe buloni ikiwa wazi, la sivyo hewa inarudi. Kila baada ya mara nne au tano, chombo cha juu kinajazwa tena. Kazi inaisha pale mapovu yanapokosekana na pedali inapokuwa ngumu. Pedali ikilegea tena kesho yake, hewa haikuwa ugonjwa wenyewe. Kuna silinda inayopitisha, na hiyo ndiyo ya kununua.

Kwenye magari ya kablo, kazi ni fupi zaidi. Kablo inafuatwa kutoka pedali hadi buati. Nyuzi zilizokatika, kona kali au ganda lililoyeyuka karibu na bomba la moshi ni alama ya kuibadilisha. Ikiwa iko nzima lakini imelegea, inakazwa kwa buloni yake ya mwisho hadi nafasi ya pedali irudi katika kipimo.

Kwa manseba wa pikipiki

Ambreyaji ya pikipiki nyingi zinazobeba watu Kolwezi si kama ya gari. Ni diski kadhaa ndogo zilizopangwa pamoja, na zinaogelea ndani ya mafuta ya moteri. Kwa hiyo mafuta yanahusika moja kwa moja. Mafuta mengine ya magari yana dawa za kupunguza msuguano, na dawa hizo zinafanya diski za pikipiki ziteleze. Bidoni inayofaa ina alama ya JASO MA au MA2.

Mkono wa kushoto unapaswa kuwa na nafasi ndogo ya bure kabla ya kablo kuvuta. Kwenye pikipiki nyingi ni milimita 10 hadi 20 mwishoni mwa mkono. Kablo iliyokazwa kupita kiasi inateleza kimya kimya. Pikipiki inakunywa esansi nyingi, inakosa nguvu, na mwenyewe anadhani ni karburateri. Manseba anayebeba watu wawili na mzigo kila siku anafaa kupima nafasi hiyo kila juma na kutia matone ya mafuta juu ya kablo.

Pale ambapo hakuna njia ila kushusha buati

Ikiwa jaribio la vitesi ya tatu linaonyesha kwamba diski inateleza, na pedali ina nafasi yake ya kawaida, basi ndani lazima paangaliwe. Kazi hiyo inawezekana nyumbani kwa mtu mwenye uzoefu na vifaa, lakini kwa wengi ni bora kwenda kwa fundi. Kolwezi haikosi mikono. Gécamines, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilifundisha vizazi vya mafundi ndani ya atelie zake. Uzalishaji wake ulianguka katika miaka ya 1990, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari ulioanza mwaka 2003. INPP nayo, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoundwa mwaka 1964, inafundisha ufundi wa magari katika miji mbalimbali ya nchi.

Hata anayempa fundi kazi anaweza kusimamia mambo machache. Diski, plato na bute vinabadilishwa pamoja, kwa sababu kushusha buati mara ya pili kwa ajili ya bute iliyochoka ni hasara tupu. Kipande cha zamani kipelekwe dukani: upana wa diski ulinganishwe, na meno ya katikati yahesabiwe moja moja. Vipuri vinafika kutoka pande nyingi, vipya, vya okazi na vya kuiga, na sanduku lenye jina zuri si ushahidi. Diski ya okazi ikaguliwe kama ngozi yake bado iko juu sana ya vichwa vya misumari, kama resori zake hazichezi, na kama haina mafuta.

Wakati wa kurudisha, volani ya moteri inapanguswa na kutazamwa kama ina nyufa au madoa ya kuungua. Mpira unaozuia mafuta nyuma ya moteri unaangaliwa, kwani ukivuja, diski mpya itaharibika kama ile ya kwanza. Diski ina upande wake wa kuangalia buati. Ikigeuzwa, ambreyaji haitaachia. Inawekwa katikati kwa kifaa chake, na buloni za plato zinakazwa kidogo kidogo kwa kupishana. Buati isiachwe ining'inie juu ya diski, uzito wake unaipinda.

Vumbi lililo ndani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Diski nyingi za zamani zilitengenezwa na amianti, na vumbi lake linaua mapafu baada ya miaka mingi. Kitambaa chenye maji kinatosha, na watoto wakae mbali.

Chini ya gari

Kriki ni ya kuinua gari, si ya kulishikilia. Hakuna anayepaswa kuingia chini ya gari linalosimama juu ya kriki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuangalia silinda. Vigingi vya chuma vinawekwa pande zote mbili, kwenye ardhi ngumu. Udongo wa lupango uliolowa mvua unazama, hivyo ubao mnene unahitajika chini yake. Matofali na blokesi za simenti zinapasuka ghafla na hazifai. Magurudumu yanayobaki chini yanawekewa mawe mbele na nyuma. Gari likishakaa juu ya vigingi, linasukumwa kwa mkono kabla ya mtu kulala chini yake. Likitikisika, kazi haianzi.

Ikikatika barabarani

Mwezi wa Februari 2019, kamio iliyobeba asidi ya salfuri iligongana na magari mengine kwenye njia kati ya Lubumbashi na Kolwezi, na karibu watu 20 walipoteza maisha. Ajali hiyo inakumbusha wanaosafiri na mizigo gani kwenye njia hiyo, na kwa nini gari dogo halipaswi kubaki limesimama katikati yake.

Kablo ikikatika au pedali ikianguka, bado kuna namna moja ya kulitoa gari katika hatari. Moteri inazimwa, vitesi ya kwanza inaingizwa, shofa anahakikisha hakuna mtu mbele, kisha anageuza ufunguo. Kwenye magari mengi ya zamani, demara inalisukuma gari na moteri inawaka ikiwa tayari ndani ya vitesi. Hapo anasonga polepole hadi kando, mahali papana. Kusimama tena ni kuzima moteri. Njia hiyo ni ya mita chache za kujiokoa, si ya kufika Likasi na abiria.

Abiria washuke upande wa majani na wakae mbali na gari. Triangle iwekwe nyuma, mbali ya kutosha ili kamio yenye mzigo ipate muda wa kupunguza mwendo. Matawi ya miti, ambayo mashofa wengi wanayatumia, yanasaidia mchana lakini usiku hayaonekani. Mawe yaliyozuia magurudumu yaondolewe barabarani gari linapoondoka, kwani manseba anayepita baadaye hana taa ya kuyaona yote.

Vitu vinavyoepusha sehemu kubwa ya taabu hizi vinaenea chini ya kiti: chupa ndogo ya likidi iliyofungwa, kablo ya akiba kwa gari au pikipiki inayoitumia, kle ya 8 na ya 10, kipande cha mrija, tochi na triangle. Na kwa gari lililotoka kubadilishiwa diski, shofa apunguze mzigo na haraka kwa kilomita mia kadhaa za kwanza, ngozi mpya izoeane na chuma kabla ya kurudi nyuma ya kamio za Fungurume.